Uzi wa Akriliki au wa Pamba kwa Viatu vya Ndani vya Kroshia
Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ubaridi wa sakafu ya saruji hupenya hadi mifupani. Kwa hiyo anayefuma viatu vya ndani huanza na uchaguzi wa uzi.

Akriliki, ambayo wengi huiita uzi wa sweta, ni nyepesi, hunyumbulika na hukauka upesi, na nyuzi mbili zikifumwa pamoja kwa sindano ya milimita 5 hutoa soli nene inayoukinga mguu. Hata hivyo haifyonzi jasho, na mchana wa Oktoba mguu hulowa ndani yake.

Pamba hufyonza jasho na huvumilia maji ya moto, jambo ninalolithamini sana wakati wa vumbi la kiangazi. Kasoro yake ni kulegea kadiri kiatu kinavyovaliwa. Kwa mguu wa sentimita 24, soli ifumwe sentimita 23 hivi, na ukingo ubanwe kwa kupunguza vitanzi.

Wazee na watoto ningewafumia akriliki bila kusita. Mimi mwenyewe huvaa pamba. Aina zote mbili huteleza kwenye vigae, hivyo chini ishonewe kipande cha ngozi.