Pawa stering ya umeme ya Corsa katika gari la kujiundia

Nchini Uingereza, wanaojiundia nyumbani magari ya mfano wa AC Cobra, gari la michezo la miaka ya 1960, hupenda injini nzito ya V8 na matairi mapana, na kwa sababu hiyo usukani huwa mgumu mno wakati wa kuegesha. Nilichofunga mimi ni mhimili wa usukani wa Vauxhall Corsa C, gari dogo ambalo mota yake ya umeme ya kusaidia kugeuza usukani iko kwenye mhimili wenyewe. Kwa hiyo hauhitaji pampu, mkanda wala mipira ya mafuta, na reki ya awali (fito yenye meno inayogeuza magurudumu) haiguswi.

Kompyuta yake inapokosa taarifa ya mwendo kasi huingia katika hali ya tahadhari, na hapo kisanduku kinachouzwa kando, chenye swichi ya kuzungusha, ndicho kinachoongeza au kupunguza msaada. Changu kilikuja bila mchoro wa nyaya, uzembe usiovumilika kwa kifaa cha usukani.

Kazi kubwa, hata hivyo, ni ya chuma: mabano ya mota lazima yachomelewe imara, maana mota inaposukuma mhimili nayo hutaka kujisokota upande wa pili, na jointi za mhimili zisipolinganishwa pembe, usukani huwa mwepesi hapa na mzito pale katika mzunguko uleule.

Swichi ikiwa chini kidogo ya nusu, nageuza kwa mkono mmoja maegeshoni, na barabara kuu bado naihisi lami. Ukizidisha, usukani haurudi katikati wenyewe, jambo ambalo hupimwa na mkaguzi wa IVA, ukaguzi wa Uingereza wa kuidhinisha gari mojamoja kama haya ya kujiundia.