Subway Surfers: mtoto apewe au asipewe?

Mzazi, kabla hujamwachia mtoto simu, hebu tuifungue wote hii Subway Surfers. Imetengenezwa Denmark, ipo tangu 2012, na mwaka 2018 ndiyo ilikuwa gemu ya kwanza kupakuliwa mara bilioni moja Google Play. Kuipakua ni bure. Pesa inaombwa baadaye, mtoto akishanogewa.

Mchezo wenyewe sina ugomvi nao. Tazama: kijana anamkimbia mlinzi na mbwa wake kwenye reli. Kidole kushoto, kulia, juu anaruka, chini anabiringika. Ukigonga skrini mara mbili anapanda ubao unaomkinga kwa sekunde 30. Damu hakuna, bunduki hakuna. Ila kama nyumba yenu iko jirani na reli, mwambie mtoto waziwazi: treni ya SGR ya Dar na Dodoma inafika hadi kilomita 160 kwa saa, na hiyo haikwepwi kwa kidole.

Sasa nakufa makusudi. Umeona? Inatokea ofa ya kufufuka, na muda wa kuamua ni mfupi. Safari ya kwanza inataka ufunguo 1. Nikifa tena kwenye mbio hizi hizi, 2. Halafu 4, halafu 8, halafu 16. Jumlisha: kufufuka mara 5 kumekula funguo 31! Wewe unaona hesabu, lakini mtoto wa miaka 8 anaona rekodi yake inapotea, na muda ndio huo unakwisha. Funguo zikimwishia, duka liko palepale ndani ya gemu, na bei zake ni za pesa halisi. Hapa ndipo wazazi wanapokuta makato wasiyoyaelewa.

Njia nyingine ya kufufuka ni kutazama tangazo. Alama ya kulifunga ni ndogo, iko pembeni, na mara nyingi inachelewa kutokea. Kidole kikiteleza kidogo, mtoto anajikuta Play Store mbele ya gemu nyingine, pengine isiyo ya umri wake. Dawa yake ni rahisi: kukimbia hakuhitaji intaneti. Zima data na Wi-Fi kabla ya kumpa simu. Matangazo karibu yote yanakoma na bando lako linapona. Atakosa zawadi za kutazama matangazo, na atanung'unika siku mbili tatu.

Kwa hiyo msimamo wangu: miaka 8 kwenda juu, sawa, data ikiwa imezimwa na manunuzi yamefungwa. Chini ya miaka 6, hapana, maana hajaweza kutenganisha tangazo na mchezo.

Tufunge manunuzi. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa manunuzi. Chagua nenosiri lidaiwe kila mara. Usichague ile ya dakika 30! Wengi wananasa hapo: unanunua kitu chako, unaweka nenosiri, unampa mtoto simu, na kwa nusu saa nzima mlango uko wazi. Kenya, ambako M-Pesa inaweza kuunganishwa na akaunti ya Google, angalia pia njia za malipo na uondoe usiyoitumia.

Kwenye iPhone, ingia mipangilio, fungua sehemu ya muda wa kutumia skrini, nenda kwenye vizuizi vya maudhui na faragha, kisha ukatae manunuzi ya ndani ya programu. Wekea sehemu hiyo namba ya siri tofauti na ile ya kufungulia simu, maana ile mtoto anaijua.

Na kama kidole cha mtoto kimesajiliwa kwenye simu yako, kifute leo. Play Store ikiruhusu alama ya kidole, chake kitalipa kama chako.