Sato juu ya majani ya paini: tathmini ya mgahawa mmoja wa Capripoint

Wakazi wengi wa Mwanza wanaifahamu paini kama mbao: mbao za kenchi, za dari, za vitanda vya bei nafuu na za makreti ya nyanya. Mgahawa mmoja mdogo wa familia, ulioko upande wa Capripoint unaotazama ziwa, umeuingiza mti huo jikoni na kujenga juu yake menyu fupi ya samaki, chai na sharubati. Nimekula hapo nikiwa peke yangu na nikiwa na ndugu zangu, na maoni yangu ni kwamba wapishi wake wanafanya kazi ya kupendeza sana wanapotumia majani ya mti huo, na wanaharibu samaki mzuri wanapotumia kuni zake.

Chakula kinachostahili safari ni sato. Samaki mzima huchanjwa, hupakwa chumvi, tangawizi na ndimu, kisha hulazwa ndani ya chungu kipana kilichotandikwa majani mabichi ya paini, unene wa kiganja, na kufunikwa juu ya mkaa wa wastani. Majani hayo yana mafuta mepesi yanayoruka yanapopata joto, na sehemu kubwa ya harufu yake inatokana na kiambata kiitwacho pinini, ambacho kimo pia katika rozimari. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajawahi kula kitu chenye paini huhisi kwamba harufu ile si ngeni kabisa kwake. Mfuniko unapofunuliwa mezani, mvuke wa kwanza unanukia kama ganda la limau lililokwaruzwa, kisha inafuata harufu nzito zaidi, ya msitu uliotoka kunyeshewa. Ngozi ya samaki inakuwa na michoro myembamba ya majani yaliyoilalia, na nyama ya tumboni, ambayo kwa sato wa kufugwa mara nyingi hubeba harufu ya tope, inatoka safi. Ladha yenyewe ni ya uchungu mdogo unaofika mwishoni na kuondoka upesi. Ukiila nyama hiyo na ugali wa muhogo, uchungu huo unafanya kazi ambayo kwa kawaida tunaiachia kachumbari.

Wazo la kupikia juu ya majani ya paini lina mizizi mirefu kwingineko. Wakorea huvipika kwa mvuke vitumbua vyao vya mchele vya sikukuu ya Chuseok, viitwavyo songpyeon, juu ya majani hayo, na katika pwani ya magharibi ya Ufaransa kome hufunikwa kwa majani makavu ya paini ambayo huchomwa moto papo hapo. Wapishi wa Capripoint wamefuata njia ya mvuke, na wamechagua vyema, kwa sababu nyama laini ya sato isingeuhimili moto wa majani makavu.

Majani yenyewe hutoka Ukerewe. Paini si mti wa asili wa nchi yetu. Ipo jamii ya spishi zaidi ya 100, na karibu zote asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia, isipokuwa moja ya Sumatra inayovuka Ikweta bila kupandwa na mtu. Zilizopo kandokando ya ziwa letu zimepandwa, kama zile za shamba la miti la Rubya huko Ukerewe na la Buhindi ng'ambo ya pili. Nimesikia wateja wakinong'ona kwamba huenda wanalishwa mvinje, mti uliozagaa katika nyua za mjini na ambao wengi huuita msonobari. Wasiwasi huo unaondolewa kwa kuangalia tu kilichomo chunguni. Majani ya paini hutoka katika vifungu, mawili, matatu au zaidi yakiwa yameshikwa pamoja chini kwa kijiala chembamba cha kahawia, na kila jani ni uzi mmoja usio na kiungo. Kinachoonekana kama jani la mvinje ni kijiti chenye vifundo, na ukikivuta kinaachana pingili kwa pingili. Nilichambua yaliyobaki katika chungu changu nikakuta vifungu vya majani matatumatatu, marefu na laini: ilikuwa paini.

Chai ya majani mabichi ni nzuri ikitengenezwa kwa subira. Maji yaliyochemka humwagwa juu ya majani yaliyokatwakatwa na kuachwa dakika chache; yakichemshwa pamoja na majani kwa muda mrefu, harufu ya limau hupotea na kubaki ukakasi. Majani hayo yana vitamini C, na wakati Leningrad ilipozingirwa katika Vita Kuu ya Pili, wakazi wake walitengenezewa kinywaji cha majani ya paini ili kujikinga na kiseyeye. Katika ziara zangu chai hii ilikuja ama bora kabisa ama chungu, kutegemea nani yuko zamu, na hilo ni jambo la kurekebishwa kwa saa ya ukutani tu.

Sharubati ya koni changa za paini, yaani vibeba-mbegu vyake vyenye magamba, zile za kijani ambazo bado zinakatika kwa kisu, ni tamu na nzito, na ina utomvu wa kutosha kuacha ubaridi kooni. Waitalia na Warusi wana vitu vya namna hiyo. Hapa humiminwa juu ya vipande vya machungwa ya Ukerewe, na sijui kitindamlo kingine cha Mwanza ninachokipenda zaidi. Asali inayouzwa kaunta ni nzuri pia, ila lebo yake inayosema "asali ya paini" inapotosha: maua ya paini huchavushwa na upepo na hayana nekta. Asali ya paini ya Uturuki hutokana na umajimaji mtamu unaotolewa na mdudu anayefyonza miti hiyo, ambaye hatunaye. Nyuki walioweka hii walitembelea maua mengine, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo.

Sangara wa moshi ndiye aliyenisikitisha. Anakaushwa kwa mabanzi ya paini, na paini imejaa utomvu unaotoa moshi mweusi wenye masizi. Kwa samaki mwenye mafuta kama sangara, masizi hayo hunata na mafuta hunyonya kila kilichomo. Ulimi unapokea lami kabla ya kupokea samaki. Ni kweli kwamba Wachina wa milima ya Wuyi hukausha chai yao maarufu kwa moshi wa paini, lakini jani la chai ni kavu, na mnywaji hupata harufu iliyopita majini. Mla samaki humeza kila kitu, yakiwamo masizi yenye viambata vinavyohusishwa na saratani. Zaidi ya hayo, nilimuuliza mama mwenye jiko, "Shikamoo mama, mabanzi haya hayajatiwa dawa?" Akanijibu kwa upole, "Marahaba mwanangu, ni mabanzi tu kutoka kwa mpasua mbao." Hakuweza kunieleza yametoka kwenye mbao zipi. Mbao nyingi za paini hutiwa dawa dhidi ya mchwa, baadhi yake zikiwa na shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake haupaswi kukaribia chakula hata kidogo. Kuni za mwembe au mpera zinapatikana, na kwa samaki huyu ningezitumia hizo hata kama zinagharimu zaidi.

Kuhusu bei, chungu cha sato kinachotosha watu wawili kiko juu kuliko kwa mama lishe na chini kuliko hoteli za jirani. Naona ni haki. Inafaa kupiga simu mapema, kwa kuwa sato huchukua karibu saa nzima jikoni na majani mabichi huisha kabla shehena nyingine haijafika kutoka Nansio, Ukerewe. Wajawazito waiache chai na sharubati, kwa sababu majani ya baadhi ya spishi za paini yanajulikana kuharibu mimba za ng'ombe, na menyu, ambayo imeandikwa vizuri kwa kila jambo lingine, inapaswa kulieleza hilo kwenye ukurasa uleule wenye bei ya chai.