Mwaka wa tatu na mshipa wa bandia mkononi: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Haya namwandikia mtu ambaye wiki hii ameambiwa atawekewa mshipa wa bandia ili asafishwe damu kwa mashine (dayalisisi), akarudi nyumbani, akashika simu kutafuta maelezo ya Kiswahili asiyapate. Nami nilitafuta usiku kucha. Nilichokutana nacho ni matangazo ya dawa za mitishamba.

Figo zangu ziliharibiwa na presha. Nilianza kusafishwa kwa mpira wa shingoni, ule unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa ukaning'inia kifuani na vifuniko vyake viwili, chekundu na cha bluu. Aliyewahi kuwa nao anaelewa. Huwezi kujimwagia maji ukaoga kama watu, na homa ikipanda kidogo tu moyo unakwenda mbio, maana mpira ule ni mlango wa vijidudu moja kwa moja hadi kwenye damu. Mimi nilipata maambukizi mara mbili. Mara ya pili nilitetemeka kwenye kitanda cha dayalisisi mpaka kitanda kikagonga ukuta.

Daktari akaanza na fistula, yaani kuunganisha ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) na vena (mshipa unaoirudisha) zako mwenyewe mkononi ili vena ipokee damu ya nguvu, inenepe, ikubali sindano. Mama aliposikia neno fistula alilia, kwa sababu kwetu fistula ni ile ya akina mama walioumia wakati wa kujifungua. Ilibidi sista aongee naye kwenye simu amweleze kuwa ni majina tu yamefanana. Na niseme wazi: kama mishipa yako inafaa, fistula ndiyo ya kuanza nayo. Inadumu zaidi na haipati maambukizi ovyo. Yangu ilisubiriwa miezi miwili, haikukua. Vena zangu ni nyembamba, na zile chache nilizokuwa nazo zilishachoka kwa dripu za miaka yote ya kulazwa. Laiti mtu angeniambia mapema: ukishaambiwa figo zina shida, linda mkono mmoja, damu ipimwe na dripu ziwekwe nyuma ya kiganja cha mkono mwingine.

Ndipo nikawekewa mrija, yaani huo mshipa wa bandia. Wangu uko mkono wa kushoto chini ya kiwiko, umepinda kama herufi U chini ya ngozi. Ncha moja imeshonewa kwenye ateri, nyingine kwenye vena. Upana wake ni milimita 6. Kabla ya upasuaji nilimwomba daktari nione kitu chenyewe, akanionyesha kipande kilichobaki kwenye upasuaji mwingine. Jamani, nimeshika vitambaa miaka 20, sijawahi kushika kitu kama kile. Ni cheupe, laini, hakina uzi uliofumwa wala mshono, ukikivuta kinavutika kidogo kisha kinakataa.

Daktari aliposikia mimi ni fundi akacheka, akaniuliza kama nimewahi kurekebisha makoti ya mvua ya mitumba yenye lebo ya Gore-Tex. Mengi tu, kutoka soko la Karume. Akaniambia basi mali ni ileile. Ni PTFE, aina ya plastiki, ndugu yake ni ule mpako wa kikaango usioshika chakula. Mwaka 1969 Robert Gore, wa kampuni ya familia yao huko Delaware, Marekani, alikuwa anavuta fimbo za plastiki hiyo zikiwa za moto. Akivuta polepole zinakatika. Siku hiyo akaivuta moja kwa ghafla, kwa hasira, ikarefuka badala ya kukatika, ndani ikajaa vinafasi vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwenye koti, vinafasi hivyo hupitisha mvuke wa jasho na kuzuia matone ya mvua. Kwenye mshipa, nyama ya mwili hujishika humo kwa nje, na ndani damu inapita. Leo kampuni nyingi zinatengeneza mirija ya aina hii. Wangu umetoka kwa nyingine, sitaitaja, na mbele mtaona kwa nini.

Daktari alinisimulia pia habari za Michael DeBakey, daktari wa upasuaji wa Houston, Marekani, ambaye wazazi wake walitoka Lebanoni na mama yake alimfundisha kushona tangu mtoto. Miaka ya 1950 alienda dukani kutafuta nailoni, haikuwepo, akauziwa kitambaa cha Dacron, yaani poliesta, akakishona kwa cherehani ya mkewe kuwa mrija wa kuziba pengo kwenye mshipa mkubwa wa damu. Nililia pale kwenye kiti. Nilikuwa naogopa kwamba mkono ukipasuliwa nitaacha kazi, kumbe kazi yenyewe ya mishipa imepita kwenye cherehani.

Upasuaji ulichukua kama saa mbili, mkono umetiwa ganzi. Siku za mwanzo mkono ulivimba ukawa kama wa mtu mwingine, niliulaza juu ya mto. Wiki mbili baadaye uvimbe ulishuka, wakauchoma sindano kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo nafuu ya mrija: hausubiri miezi. Baada ya wiki chache mpira wa shingoni ukatolewa, nikaenda nyumbani nikajimwagia ndoo nzima ya maji kichwani.

Sasa ukiweka vidole viwili juu yake, utasikia unatetemeka. Wengine husema ni kama paka anavyokoroma. Kwangu ni kama ukiweka kiganja kwenye meza wakati cherehani ya umeme inafanya kazi upande wa pili. Mtetemo huo ndio uhai wa mrija. Ninaushika nikiamka, ninaushika kabla ya kulala, ninaushika kila nikitoka kwenye mashine. Ukigeuka kuwa mpigo mgumu bila mtetemo, kuna mahali panaziba. Ukinyamaza, damu imeganda, na unatakiwa hospitali siku ileile, usingoje zamu yako ya dayalisisi.

Wangu ulinyamaza mara moja. Nilikuwa nimeharisha siku mbili, presha imeshuka, na kwa uchovu nililala nimeulalia mkono wa kushoto. Alfajiri, wakati wa adhana, nikaweka vidole: kimya. Nikahamisha vidole juu, chini, kila mahali. Kimya. Nilitoka na kanga mbili na daftari la kliniki, nikapanda bodaboda hadi hospitali. Huo haukuwa ubovu wa mrija, ulitokana na maji kupungua mwilini na mkono kukandamizwa.

Kilichouokoa ni kifaa ambacho nadhani kinastahili nyota zote: katheta ya Fogarty. Daktari alikata tundu dogo, akapitisha kijimrija chembamba chenye puto dogo sana kwenye ncha. Kinapita katikati ya damu iliyoganda puto likiwa limenywea. Kikishavuka, analijaza maji, kisha anakivuta nyuma taratibu na damu ile inatoka nacho kama mnyoo mweusi. Nilikuwa macho, nikaiona kwenye kitambaa cha kijani. Akarudia mara tatu, kisha akaniambia, "Fundi, weka mkono." Meza ya cherehani ilikuwa inatetemeka tena.

Thomas Fogarty alikibuni akiwa bado kijana, baada ya kufanya kazi chumba cha upasuaji huko Cincinnati, Marekani, na kuona watu wanakatwa miguu au kufa kwa sababu hapakuwa na njia ya kutoa damu iliyoganda bila kupasua mshipa kwa urefu. Alichukua kidole kidogo cha glavu, akakifunga kwenye katheta kwa mafundo ya uzi aliyojifunza kwenye uvuvi. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa nacho mwaka 1961. Kampuni ya Edwards ikakichukua ikakitengeneza. Mimi mafundo ya uzi nayajua, na ninamheshimu mtu huyo kwa moyo wangu wote.

Kuhusu kuchomwa sindano. Kila kipindi ni sindano mbili nene, moja inatoa damu kwenda kwenye mashine, moja inairudisha, mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Msikubali wawachome palepale kila siku. Kitambaa ukikidunga sehemu moja mwaka mzima kinatoboka, na mrija ni hivyohivyo. Hauna uwezo wa kujiponya kama mshipa wako, ukuta unalegea, panatokea kivimbe ambacho kinaweza kupasuka. Zungusheni sehemu. Sindano ikitoka, bonyeza kwa vidole viwili dakika 10 hadi 15, lakini usibane mpaka mtetemo ukafa. Presha isipimwe mkono huo. Bangili na saa zihamie mkono mwingine. Pakiwa pekundu, pa moto au panatoa usaha, nenda haraka, kwa sababu mrija ukishaingia vijidudu mara nyingi inabidi utolewe wote.

Sasa manung'uniko yangu, na hapa ndipo ninapoinyima kampuni nyota. Nilipewa kadi na kijitabu. Kijitabu kina lugha nyingi za Ulaya, Kiswahili hakimo. Kadi ina stika yenye namba ya toleo, na hakuna aliyeniambia ni ya nini hadi nilipouliza. (Ni ya kuutambua mrija wako kama siku moja kampuni ikigundua kasoro kwenye mali ya siku ile. Itunze na kitambulisho chako.) Niliwaandikia kwa msaada wa mwanangu, kwa Kiingereza kizuri, tukaomba ukurasa mmoja tu wa Kiswahili wa maelezo kwa mgonjwa. Mwaka umepita, hawajajibu. Mnauza mrija unaokaa ndani ya mwili wa mtu, na huyo mtu hamumpi hata neno "mtetemo" kwa lugha yake! Yote niliyoandika hapa nimefundishwa na masista, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamechoka na wagonjwa wamejaa.

Mmoja wao alinifanyia jambo ambalo nawasihi mlifanye. Mrija wa U una upande damu inapoingia na upande inapotokea. Sista mgeni akikosea, akachoma kinyume, damu iliyosafishwa inarudi kuzunguka kwenye mashine na unatoka haujasafishika vizuri. Yeye alibonyeza katikati ya U kwa kidole. Upande ulioendelea kupiga ndio damu inapoingilia. Akauchora mkono wangu kwenye karatasi, akaweka mshale mwekundu na mshale wa bluu, akaandika tarehe ya upasuaji. Nikaipeleka steshenari wakaipiga lamineshi.

Watu huniuliza kama bado nashona. Nashona. Mkono wa kushoto unaongoza kitambaa kama zamani. Nilichoacha ni kubeba majora begani na ndoo za maji kwa mkono ule, hayo anafanya kijana wangu wa dukani. Mwezi ujao naenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu na nitasafishwa hukohuko mara mbili, kwa masista ambao hawajawahi kuniona. Gauni bado sijalimaliza, lakini ile karatasi ya mishale tayari iko kwenye mkoba.