Soksi za kubana: eti naulizwa namba ya kiatu!

Jamani hawa wauza vifaa tiba wana nini? Nina vena zimevimba mguu wa kushoto, daktari kaandika soksi za kubana klasi ya pili (yani kiwango cha mbano), za kuishia gotini. Naingia duka moja hapa mjini, yule dada kanishusha kanipandisha kwa macho, "unavaa kiatu namba ngapi?" Kiatu! Nikamwambia si mnapima kwa futi kifundo pale pembamba na shavu la mguu pale penye unene, akanijibu huku anachati, "zinavutika hizo, vaa tu." Boksi limeandikwa klasi 2 basi, na klasi 2 ya Waingereza ni 18 hadi 24 milimita za zebaki (kipimo cha presha), ya Wajerumani 23 hadi 32, nikauliza hizi ni za wapi. "Za nje."

Haya nikavaa, ikifika jioni vidole vimejaa kuliko nilivyokuwa sijavaa kitu. Kliniki yule kaka wa fizio, wale wa tiba ya viungo, akachomeka kifuko chembamba cha hewa ndani ya soksi, kina mpira unaingia kwenye kimashine chenye kioo cha namba, kinasoma presha ya soksi pale pale mguuni. Kifundoni 11. Shavuni 19! Yani kinyumenyume, hizi soksi zinatakiwa zikabe zaidi chini halafu zilegee kadiri zinavyopanda ndo damu irudi juu, sasa mimi nilikuwa nimejifunga kamba chini ya goti na hela nimelipa. Namba ya boksi ni ya kifundo, na ni kweli tu kama kifundo chako ndo saizi hiyo.

Ila nisiwe mwongo, soksi zenyewe si mbaya. Fizio kanipima asubuhi mguu haujavimba, kumbe kampuni ile ile wanazo za kifundo chembamba shavu pana, nikaagiza kwingine, mashine ikasoma 24 chini, juu 16, na mguu jioni mwepesi kabisa. Kwa soksi ningewapa nyota nne, hata tano.

Lakini lile duka! Nimerudisha zile za kwanza yule yule dada kaniambia "ukishavaa hatupokei", sasa ningejuaje hazinitoshi bila kuvaa na wewe futi huna? Nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi alonifungulia mlango. Hela yangu bado wanayo.