Fundi wa redio za valvu, kando ya Luthuli Avenue, Nairobi: nyota nne

Redio ya marehemu babu ilikaa kimya juu ya kabati miaka na miaka. Mafundi wawili walinishauri niiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Mzee huyu wa ghorofa ya pili aliifungua, akainusa, akasema: "Hii haijafa. Kondensa tu zimechoka."

Kondensa, vile vipande vinavyohifadhi umeme kidogo ndani ya redio, zamani vilikuwa vya karatasi na nta. Zikizeeka huvujisha umeme, na redio huunguruma tu. Mzee hakuzitupa. Alizitoa matumbo, akaficha mpya ndogo ndani ya maganda yaleyale, hata ukichungulia nyuma unaona redio ileile ya babu. Alibadilisha valvu moja, ile chupa ya kioo iliyotumika kabla ya transista, na ile mbovu akanirudishia kwenye bahasha. Nilipotaka mbao zipigwe vanishi, alikataa katakata: "Mikono ya babu yako imo humu."

Hapo ndipo aliponishika. Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 redio ya Nairobi ilikuwa ya walowezi. Vita vya pili ndivyo vilivyoleta vipindi vya Waafrika, jamaa za askari wapate habari za vijana wao. Nikipita Broadcasting House pale Harry Thuku Road, ambako tarehe 1 Agosti 1982 mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kutangaza mapinduzi, huomba jengo lile litunzwe kwa mikono kama ya mzee huyu: nyaya zibadilishwe, sura ibaki. Kule Marekani, gereji ya mhandisi Frank Conrad, alikorushia muziki hewani kabla ya kituo cha redio cha KDKA kuanza mwaka 1920, ilibomolewa 2001. Angalau matofali yake yaliwekwa. Sisi tusifikie kuhifadhi matofali.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya muda. Aliahidi wiki moja, zikawa tatu, na simu hapokei. Itabidi upande ngazi mwenyewe. Nililipa shilingi 4,500, nusu kwanza. Kwa kazi ile sikunung'unika.

Ukishaichukua yako, usiwe na haraka ukiiwasha. Valvu huchukua kama nusu dakika kupata moto. Mama alishaanza kusema nimeliwa pesa, mara taa ya kioo ikakolea, mvumo ukapanda, na sauti ya mtu wa mbali ikaingia sebuleni. Akavuta kiti, akakaa palepale alipokuwa akikaa babu.