Stiki au mashine ya waya, kwa sisi wa Mtwara

Wadau mnaouliza mashine ya kuanzia kuchomelea vyuma, ya stiki au ya waya, zote mbili zinachomelea kwa umeme, moto unaruka kati ya ncha na chuma, joto linapita nyuzi 3000 chuma kinayeyuka, tofauti ni namna ya kukinga ule uji wa chuma na hewa. Stiki, yaani kile kijiti cha chuma cha kuchomelea, imepakwa unga mgumu kwa nje, ukiungua unatoa moshi unaokinga na gamba juu ya mshono, unaligonga baadae na nyundo. Ya waya, inayosukuma waya mwembamba badala ya stiki, inategemea gesi ya mtungi, na hapo ndo shida, upepo wa bahari pale Shangani au Mikindani ukivuma gesi inapeperuka mshono unajaa vitobo. Ndani ya karakana, kwenye bati jembamba, waya ni safi na haraka. Mageti ya nje mi nabaki na stiki, na jamani miwani ya jua haikingi macho, vaeni ngao ya uso ya kuchomelea.